Binti yangu alimtafuta rafiki yake wa Kitshanga mtandaoni, na aliyejibu hakuwa yeye

Wakuu, habari za huko mliko.

Mimi ni mtu wa kusoma humu na kupita kimya kimya, miaka sasa. Leo ndiyo mara ya kwanza nafungua uzi. Haya ninayoandika yamenipata mimi na nyumba yangu, sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, na kuna mahali sitapataja kwa makusudi. Mkifika chini mtaelewa sababu.

Natokea Kongo, Kivu ya Kaskazini. Kiswahili chetu mnakijua, na najua mnatucheka. Hiki ninachoandika nimejifunza kwa kusoma nyuzi zenu, kwa hiyo kikipinda mahali mnyooshe wenyewe.

Kazi yangu ni useremala, kwetu tunasema menuisier. Vitanda, milango, madawati ya shule. Karibu maisha yangu yote ya ufundi niliyafanyia Kitshanga, Masisi.

Asiyejua Kitshanga, ni mji wa biashara juu ya vilima. Ng'ombe, soko, pikipiki zinapiga honi toka asubuhi. Asubuhi baridi inakuuma masikio, unakunywa mashanza, yale maziwa yetu ya kuganda, na kiazi cha moto, unaenda kazini. Sikujua kama ile ilikuwa raha. Niliona ni maisha tu.

Halafu vita vikafika kwetu. Sitaeleza vita. Wanaojua wanajua.

Nina binti, tumwite Rehema. Siku tunakimbia alikuwa na miaka kumi na moja, leo ana kumi na tatu. Alikuwa na rafiki, tumwite Solange. Hawa wawili walikaa dawati moja toka mwaka wa kwanza wa shule ya msingi mpaka wa tano. Ukimtuma mmoja chumvi wanaenda wawili. Ukimpiga mmoja wanalia wawili. Baba yake Solange alikuwa jirani yangu na mteja wangu.

Siku ile barabara ilijaa watu, godoro kichwani, mbuzi mkononi, watoto mgongoni. Tulitoka nyumba mbili pamoja. Tulipofika njia inapogawanyika, wao wakasema wanashuka upande wa Sake, watapita Mubambiro, mbele watajua. Sisi tukashika njia ya Mweso na Pinga, kwa sababu mjomba wa mke wangu yuko Walikale.

Watoto hawakuagana. Walidhani tutakutana jioni. Hata mimi nilidhani ni suala la siku mbili tatu.

Namba ya baba yake Solange haikupatikana tena. Nilipiga mpaka ile sauti ya dada wa kampuni ya simu nikaizoea kama ya mtu wa nyumbani.

Walikale watu walitupokea vizuri, nitakuwa mwongo nikisema vingine. Mzee mmoja jirani, mkulima na mwindaji wa zamani, alitupa kipande cha shamba tulime mihogo, hakutaka hata mazungumzo marefu. Lakini ni msitu, wakuu. Kwa mtu aliyezoea kuona kilima mbele, na kingine nyuma yake, na ng'ombe wadogo kama punje kule mbali, msitu unakufunga macho. Joto nalo. Mke wangu alikuwa anasema hewa ya huku imeshavutwa na mtu mwingine kwanza.

Rehema akaanza shule. Baada ya wiki chache mwalimu wake akaniita. Huyu mama nitamwita Madame Espérance, mtamsikia sana.

Akaniambia, "Papa Rehema, mutoto yako anakalia nusu ya banc. Ile nusu ingine anakatalia batoto. Anasema iko na mwenyewe."

Banc ndiyo dawati. Nilirudi nyumbani nikapiga randa ubao mmoja mpaka ukabaki mwembamba kama karatasi.

Sasa tuje kwenye simu.

Nilipata simu ya mkono wa pili, ya kugusa kioo, kwa ajili ya kazi. Wateja wanataka kuona picha ya mlango kabla hujaugusa. Rehema alijua kuitumia siku ileile, mimi mpaka leo bado nakosea.

Akaniomba, "Papa, unifungulie akaunti. Bantu banapatikana kule. Nitafute Solange."

Nikasema hapana. Simu iko ya kazi.

Akaomba tena kesho yake, na kesho kutwa. Nikasema hapana. Sikumweleza sababu, maana sababu yenyewe sikuwa nayo. Nilikuwa nimesikia tu kwamba mtandao unaharibu watoto, ikaishia hapo. Mke wangu aliniambia, "Angalau ukae naye mutafute pamoja." Nikaona ananipotezea muda.

Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza. Mtoto hakuacha kutafuta. Aliacha kuniomba tu.

Alikuwa anakuja karakana baada ya shule, ananisaidia kufagia maranda, na mimi nikitoka kupeleka kitanda kwa mteja simu inabaki kwenye chaji. Akajifungulia akaunti mwenyewe. Akaongeza umri. Akaandika mbele ya dunia nzima hivi, na maneno haya nayajua kwa kichwa ("njo" kwetu ni "ndiye"):

"Natafuta rafiki yangu Solange wa Kitshanga. Tulisoma pamoja mpaka mwaka wa tano. Mimi njo Rehema, niko Walikale, papa yangu ni menuisier karibu na soko. Solange ukiona hii unijibu, kila siku nakuwaza."

Someni tena hayo maneno, wakuu. Ni ya mtoto anayelia. Lakini mtu mwenye nia mbaya akiyasoma ameshapata jina, mji, kazi ya baba, mahali pa kumkuta, na kidonda chenyewe kilipo.

Siku ya nne akajibiwa. Akaunti mpya, picha ya ua, jina Solange.

"Rehema!!! Njo mimi. Nalia."

Mimi sikujua lolote. Nilichoona ni binti yangu amefufuka. Anaimba akiosha vyombo. Anakula. Ananiuliza nimechoka. Mke wangu akasema Mungu ametukumbuka, na mimi nikasema amina. Tulishukuru wiki tatu nzima kwa kitu tusichokijua.

Wiki ya nne, mchana, nina mteja karakana namwonyesha picha za milango. Ujumbe ukaingia juu ya kioo:

"Ulifuta za jana? Papa yako asizione."

Mteja naye alisoma. Akanitazama, akasema atapita siku nyingine.

Nikafungua. Rehema hakuwa amefuta hata moja. Nikakaa juu ya rundo la mbao, nikasoma kutoka juu mpaka chini.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Nakukumbuka, nakukumbuka sana, unakumbuka shule yetu. Lakini nilivyozidi kusoma niliona kitu kimoja. Aliyekumbuka ni Rehema peke yake. Yeye ndiye anataja majina ya wenzao, yeye ndiye anasimulia, na yule mwingine anajibu "eeh, kabisa, nakumbuka". Mtoto wangu alikuwa anamlisha kumbukumbu kijiko kwa kijiko.

Halafu yakaanza maswali. Munakaa nyumba gani? Papa yako anatokaga saa ngapi? Nitumie picha yako uko peke yako. Rehema alituma moja, na sare ya shule, anacheka. Ile picha mpaka leo sijui iko wapi.

Halafu ya mwisho: "Kaka yangu mukubwa atapita Walikale siku ya soko, iko na moto. Atakuleta kwetu tukae siku mbili, atakurudisha. Usiambie mama yako, ataharibu surprise."

Moto kwetu ni pikipiki. Siku ya soko ilikuwa imebaki siku sita.

Nikaenda nyumbani. Nikachukua begi lake la zamani, lile haendi nalo tena shule. Chini ya madaftari kulikuwa na gauni lake la kanisani limekunjwa vizuri, na nusu pakiti ya biskuti. Biskuti alikuwa anamwekea Solange.

Nikavirudisha, nikakaa mlangoni kumsubiri.

Na badala ya kumshukuru Mungu kwamba nimewahi, nilifanya nini? Nilipiga kelele. Alipoingia tu kutoka shule nilimwambia maneno ambayo baba hapaswi kumwambia mtoto. Nikainua mkono. Mke wangu akaushika.

Rehema hakukimbia. Alisimama pale akanitazama, akasema kwa sauti ndogo:

"Papa, uliniachisha Solange mara moja pale kwenye njia. Sasa unaniachisha mara ya pili."

Wakuu, nimepigwa na maisha, lakini sijawahi kupigwa vile.

Siku mbili hakuzungumza na mimi. Na mimi, niwaambie ukweli, siku hizo mbili kuna sehemu ndani yangu ilikuwa inasema labda ni Solange kweli. Labda ni mtoto tu, ana hamu, na kaka yake ana pikipiki kweli. Nilitaka iwe hivyo. Kama Solange yupo, basi baba yake yupo. Basi ile Kitshanga yetu ipo mahali, haijaisha yote. Kumbe hamu yangu na ya mtoto zilikuwa zinasukuma mlango uleule.

Siku ya tatu nikaenda kwa Madame Espérance. Nilienda na simu. Akasoma bila haraka, akavua miwani.

"Papa Rehema, ulimupiga?"

"Nilitaka."

"Ukimupiga leo, kesho akipata shida ingine atamwambia nani?"



Akasema, "Mutoto hana kosa ya kumupenda rafiki yake. Kosa iko kwa ule muntu. Anza hapo. Halafu umuache mutoto mwenyewe aulize. Wewe ukisema ni mwongo, hatakuamini. Akiona na macho yake, itaisha."

Akatufundisha kitu ambacho nawaachia na ninyi. Usimuulize mtu kitu kinachopatikana mtandaoni. Muulize kile ambacho ninyi wawili tu mnakijua. Na kama bado una wasiwasi, muulize juu ya kitu ambacho hakikuwepo kabisa, uone kama atakikumbuka.

Jioni, jua likiwa bado lipo, tulikaa wanne nyuma ya shule: mimi, mke wangu, Madame, na Rehema akishika simu. Hakuna aliyemwandikia. Madame alimwambia, "Wewe njo unamujua Solange. Sisi hatumujui."

Rehema akaandika: "Mwalimu wa mwaka wa tatu tulikuwa tunamuita jina gani?"

Jibu likachelewa. Halafu: "Eh rafiki, nimesahau. Hii vita imenichanganya kichwa."

Rehema akatutazama, macho yamejaa. "Munaona? Vita imemuchanganya. Hata mimi nasahauka vitu."

Na ilikuwa kweli, anasahau. Yule mtu alijua kutumia hata vita yetu.

Madame akasema tu, "Uliza ingine."

Nilimwona anafikiri, midomo inatembea. Halafu akaandika polepole: "Na paka yenu, ile nyeupe, mulikimbia nayo?"

Jibu lilikuja haraka, lenye vicheko vya manjano: "Eeh!! Tuko nayo hapa. Inakusalimia."

Rehema akaweka simu juu ya majani, kioo chini.

"Solange hakukuwa na paka," akasema. "Aliogopa paka mpaka kulia. Akiona paka kwa barabara tulikuwa tunazunguka."

Hakupiga kelele. Alilala kwenye mapaja ya mama yake, mtoto mkubwa vile, akalia kwa muda mrefu. Na hakuwa analia kwa sababu ametapeliwa. Wiki nne alikuwa na rafiki, na sasa hana. Yule mtu alichukua kitu ambacho sijui hata kwenye sheria kinaitwaje.

Najua kuna mkuu ataniuliza kwa nini sikumtukana yule mhuni au kumwekea mtego mwenyewe. Nilitaka, mkuu. Madame alikataza. Alisema ukimtukana atafuta kila kitu na atafungua jina jipya kesho. Tulipiga picha ujumbe wote, mmoja baada ya mwingine. Tukaripoti akaunti, tukai-block. Picha zile tulizipeleka kwa chifu wa mtaa na kwa watu wa pale kwetu wanaoshughulikia ulinzi wa watoto. Wazazi wengine shuleni tuliwaambia, bila kumtaja Rehema. Na ndani ya wiki moja wakapatikana watoto wengine wawili ambao na wao walikuwa wanaandikiwa na "mtu wa kwao". Wote ni watoto waliokimbia. Wote walikuwa wametafuta mtu waziwazi.

Siku ya soko, mimi na wanaume wa mtaa na wale viongozi tulikaa kwenye maegesho ya pikipiki toka asubuhi. Zilikuja pikipiki nyingi kama kawaida. Nilitazama kila uso. Mpaka leo sijui kama alikuja, akatuona, akapita. Siku hizi nikiuza kitanda kwa mgeni huwa namtazama zaidi ya inavyotakiwa.

Sasa hapa ndipo wengi mngetegemea niseme simu niliipiga marufuku. Ilikuwa nia yangu.

Aliyenikataza ni Rehema. Alikuja karakana, akachukua ufagio, akafagia kidogo, akasema, "Papa, Solange bado anapotea. Ule alikuwa mwongo, lakini Solange mwenyewe bado anapotea."

Nikazima msumeno. Nikamwambia, "Nisamehe. Tutamutafuta sisi wote."

Nilipaswa kusema hivyo tangu siku ya kwanza ya kuniomba.

Madame Espérance akaanzisha kitu. Jumatano baada ya masomo, watoto wenye ndugu na marafiki waliopotea wanakutana darasani na mzazi mmoja mmoja, kila mzazi na simu yake. Sheria walitunga watoto wenyewe, na walikuwa wakali kuliko sisi. Mmoja akasema hakuna kuandika tunakaa wapi. Mwingine akasema picha hapana, sauti ndiyo, na tena mpaka mzazi wa kule asikike kwanza. Karibu na mwisho Rehema akasema: "Muntu akikuambia usiambie mama, siku ile ile uambie mama." Hakuna aliyecheka. Wakaandika ubaoni.

Na kutafuta kukageuka. Mtoto hatangazi tena. Tuliandika ujumbe mfupi wa mtu mzima: fundi mbao aliyekuwa Kitshanga anatafuta familia fulani, anayewajua awape wazazi namba hii, wao ndio wapige. Hakuna jina la mtoto. Madame aliupeleka kwa walimu wenzake. Walimu kwa wenzao, wakauchukua wanakwaya, wakauchukua wauguzi. Kuna mwalimu mmoja, sitataja wa wapi, aliyeufikisha mbali, ambaye sijamwona mpaka leo, na siku nikimwona nitamtengenezea kabati.

Ukapita mwezi. Ukapita wa pili. Jumatano wengine walikuwa wanapata. Mtoto mmoja alipata bibi yake, darasa zima likapiga makofi, na Rehema alipiga makofi kwa nguvu kuliko wote. Njiani kurudi alinishika mkono kimya. Kupiga makofi kwa furaha ya mwenzako wakati yako haijaja ni kazi ya watu wazima, na wengi wetu hatuiwezi.

Halafu mchana mmoja nina randa mkononi, simu ikaita. Namba siijui.

Sauti ya mwanamke. Haikusalimia. "Wewe ni nani?"

Nikataja jina.

"Hiyo jina kila muntu anaweza kutaja. Mume wangu alinunua kitanda kwa fundi yule. Ilikuwa na kasoro. Kasoro gani?"

Wakuu, nilisimama pale nimeulizwa mimi sasa. Na aibu juu, maana ile kasoro nilikuwa naikana mbele ya wateja miaka yote.

Nikasema, "Muguu moja ilikuwa fupi. Ya kushoto, upande wa kulalia miguu. Niliwaambia sakafu yenu njo imepinda."



Halafu akaanza kucheka, yule mama. Alicheka, akacheka, na katikati ya kicheko nikasikia kimegeuka. Tulilia wote wawili kwenye simu, mimi na randa bado mkononi.

Wako hai. Baba yake Solange pia yuko hai, anaumwa mgongo, lakini yupo. Mahali walipo sitaandika. Sasa mmeelewa kwa nini.

Rehema alipotoka shule sikumwambia kitu. Nilimpa tu simu, mama wa kule akampa Solange.

Nilitegemea vigelegele. Hakuna. Nilisikia pumzi tu. Halafu Rehema akasema, kwa sauti ya mtu anayeogopa kuvunja kitu:

"Mwalimu wa mwaka wa tatu?"

Na simu ikajibu, "Papa Kiberiti."

Hapo ndipo wakapiga kelele.

Lakini niwe mkweli, haikuwa kama zamani. Sauti ya Solange imekuwa ya mtu mkubwa. Ana haya. Simu ya pili na ya tatu walikuwa wanaulizana "habari" halafu wanakwama. Rehema aliniuliza, "Papa, juu ya nini siko najua cha kumwambia? Nilikuwa na maneno mingi." Mtu unayemwaza anabaki na umri uleule kichwani kwako, wakati yeye huko aliko anakua bila wewe.

Mpaka siku Solange aliposema kwamba shule hasomi tena. Aliacha mwaka ule wa tano, siku ile ya barabara.

Rehema hakusema pole. Alisema, "Uko na bic? Tafuta karatasi."

Toka siku ile kila Jumatano, mbele yangu ao mbele ya mama yake, na kule mbele ya mama wa Solange, binti yangu anafungua daftari na kumsomea mwenzake somo la wiki. Sarufi ya Kifaransa, hesabu za sehemu, mito ya Kongo. Mtandao ukikatika anamwachia ujumbe wa sauti. Solange anafanya mazoezi, mama yake anapiga picha ya daftari tu, mkono hauonekani, anatuma. Rehema anasahihisha kwa kalamu nyekundu kwenye karatasi yake mwenyewe, mkali kuliko mkaguzi. Aibu iliisha bila wao kujua iliisha lini.

Kurudi Kitshanga, bado. Kuonana, bado. Ananiuliza lini, na mimi nachukua mkanda nianze kupima ubao ambao nilishaupima.

Nilichojifunza kiko hivi. Mimi nilidhani hatari iko ndani ya simu. Hatari ilikuwa kwenye ile nafasi kati ya mtoto na mimi, pale niliposema hapana halafu nikageuka. Yule mtu alikaa hapohapo. Mtoto mwenye hamu atatafuta, utake usitake. La kuamua wewe ni kama atatafuta na wewe pembeni yake, ao peke yake.

Jumatano iliyopita somo lilikuwa limeisha. Mvua kubwa ya huku ilikuwa imeanza, mabati ya darasa yanapiga kelele mpaka Madame akaacha kusema. Rehema akapaza sauti, "Solange, nakata sasa, sikusikii!"

Na Solange kule akasema, "Usikate. Huku kumekauka. Niache nisikie mvua yenu kidogo."

Basi binti yangu akanyoosha mkono dirishani na simu, akaushikilia hivyo, hasemi kitu, mkono wote unalowa. Na kule mwenzake hasemi kitu. Mimi niliangalia muda wa maongezi unaisha, na sikuwaambia wakate.

Wakuu, ni hayo tu. Mwenye mtoto aliye mbali na wenzake, ninyi mnafanyaje? Mnakaa nao, ao mnawapa simu mnaenda zenu kama mimi wa zamani? Na kama kuna aliyewahi kuulizwa swali la paka, aandike hapa chini. Nipo, nasoma moja moja nikipumzika kupiga randa.